Tangu Azae Mtoto Yule

Mara ngapi mmesikia watu wakisema juu ya mwanamke, "Zamani alikuwa hodari wa jembe, lakini tangu azae mtoto yule amekuwa mvivu tu"? Yeye huona baridi wenzake wakitoka jasho. Maziwa hayakumtoka hata tone, hedhi haikurudi, nywele za kwapani zimepukutika. Mume hunung'unika, mawifi hucheka, na jirani mmoja hushauri aende kwa mpiga ramli. Kumbe huenda mama huyo ni mgonjwa kweli.

Chini ya ubongo iko tezi ndogo kiasi cha harage, iitwayo pituitari. Ndiyo nyapara wa tezi nyingine nyingi za mwili. Mama akichukua mimba tezi hii huongezeka ukubwa, nayo huhitaji damu zaidi. Basi akitokwa na damu nyingi mno wakati wa kuzaa, hata akazimia, tezi huweza kukosa damu na sehemu yake ikafa. Mama hupona, watu hupiga vigelegele, wala hakuna ajuaye kilichokufa ndani yake.

Waganga wa Ulaya nao walichelewa kufahamu. Mwaka 1913 Leon Gliński wa Kraków aliandika juu ya tezi iliyoharibika hivyo baada ya uzazi. Mwaka 1914 Morris Simmonds wa Hamburg alieleza habari za mwanamke wa miaka 46, aliyeugua sana homa ya uzazi miaka 11 kabla ya kufa, na tangu hapo hakuwa mzima tena. Hivyo wengi wakashika kwamba mgonjwa wa namna hii lazima awe amekonda, mifupa mitupu.

Kisha akaja Harold Sheehan, Mwingereza aliyechunguza maiti katika hospitali ya wazazi ya Glasgow tangu mwaka 1935. Mwaka 1937 alitangaza kwamba chanzo ni kule kutokwa na damu nyingi na kuzimia. Lakini maiti haiulizwi habari. Kwa hiyo yeye na mwenzake Murdoch wakawatafuta akina mama waliopona baada ya kumwaga damu nyingi, wakawauliza hali zao, wakaandika mwaka 1938. (Karani kama mimi hufurahi kuona daftari la uzazi likifanya kazi hiyo!) Mwaka 1949, pamoja na Summers, alionyesha kwamba kukonda si dalili ya ugonjwa huu. Fikirini ni wangapi walioambiwa ni wazima kwa sababu tu miili yao ilikuwa na nyama.

Siku hizi dawa ziko. Daktari hupima damu, hutoa vidonge vya hidrokotisoni kwanza, halafu vya thairoksini; kutanguliza hivi vya pili ni hatari. Mgonjwa asiache vidonge, na akishikwa na homa kali daktari humwongezea hidrokotisoni.

Basi ukimsindikiza dada yako hospitali, usianze na habari za uchovu, maana kila mtu huchoka. Anza na siku ile ya kuzaa: damu ilitoka kiasi gani? Alizimia? Aliongezwa damu? Maziwa yalitoka? Mweleze daktari hayo, hata kama mtoto mwenyewe sasa yuko darasa la saba.