Nafasi ya kujaza isijazwe mapema

Ndugu mwandishi, kuhusu violezo vya barua zinazoandikwa kwa sauti, jambo moja umelipita mbio: kile kinachowekwa ndani ya nafasi ya kujaza. Katika programu ya imla ya Dragon, nafasi huandikwa ndani ya mabano ya mraba, nawe unaruka kwa sauti kutoka moja hadi nyingine. Ni vizuri. Lakini ukiweka humo jibu la kawaida, mfano «hana mzio wa dawa», na muuguzi akasahau kulibadilisha, barua ya kumpeleka mgonjwa kutoka Mitwaba hadi Lubumbashi itasema uongo kwa sauti ya uhakika. Daktari atakayeipokea hawezi kujua kwamba hakuna aliyeuliza. Mimi nasisitiza: weka alama za nyota tatu, zionekane mpaka mtu azijaze.

Pili, Dragon haisikii Kiswahili. Huku kwetu Kongo tunabaki na Google, iliyoanza kupokea imla ya Kiswahili cha Kenya na Tanzania mwaka 2017. Sasa, mtu wa Lubumbashi anaongea Kiswahili lakini umri, tarehe na bei anavitaja kwa Kifaransa. Ukisema «mama ana miaka trente-deux» (thelathini na mbili), simu inabahatisha tu. Kwa hiyo nafasi za namba zijazwe kwa vidole, na majina ya mahali kama Mufunga na Sampwe yawe kwenye orodha ya kuchagua. Sauti ibakie kwa maelezo marefu: homa ilianza lini, mgonjwa amekunywa dawa gani.