Virusi vya Nyanya: Ukali Uhamie Kwenye Mbegu

Tangu Januari 2025 Umoja wa Ulaya hauvihesabu tena virusi vya ToBRFV, vinavyokunjamanisha nyanya na kuzitia mabaka ya kahawia, kuwa tishio la karantini. Hatua za dharura zilizoanza Novemba 2019 zimefikia kikomo, ila mbegu na miche bado lazima viwe safi. Wapo wanaosema huko ni kusalimu amri. Naona uamuzi huo ni sahihi, mradi ukali ulioondolewa shambani uhamie wote kwenye mbegu.

Virusi hivi, vilivyoonekana kwanza Israeli mwaka 2014 na Jordan mwaka 2015, havingoji kubebwa na inzi weupe. Mfanyakazi akikonyoa chipukizi la pembeni kwa ukucha, utomvu hubaki kidoleni, na mche unaofuata umeshaambukizwa. Visu, kamba, nguo, hata nyuki wa uchavushaji huvisambaza, navyo hudumu kwa miezi juu ya vifaa. Mkulima anayeamriwa kung'oa kitalu nyumba kizima bila fidia atauficha ugonjwa, na kwa kuuficha atawaambukiza majirani. Kumwadhibu aliyeletewa virusi ndani ya pakiti ya mbegu ni dhuluma.

Hoja nzito dhidi yangu ni kwamba mbegu zilizochafuliwa huzaa miche michache sana yenye ugonjwa. Majaribio yameonyesha chini ya 3 kwa kila 100. Lakini mche mmoja unatosha, kwa kuwa mikono ileile hugusa mistari yote. Hata vipimo vyenyewe vina tundu. Sampuli iliyozoeleka ni mbegu 3,000. Ikiwa mbegu 1 kati ya 1,000 ina virusi, sampuli hiyo hugundua takribani mara 95 kwa 100. Ikiwa ni 1 kati ya 10,000, hugundua karibu robo tu. Kwa hiyo shehena kubwa inastahili sampuli kubwa zaidi.

Wengine wanategemea aina kinzani. Ni msaada wa kweli, ila jeni Tm-2² iliyoilinda nyanya kwa miongo kadhaa ilizidiwa na virusi hivi kwa mabadiliko machache tu ya protini. Basi nchini Kenya na Tanzania, ambako vitalu nyumba vingi hupandwa mbegu chotara kutoka nje, gharama ya kipimo ibebwe na kampuni inayoingiza mbegu, na matokeo ya kila shehena yaandikwe kwenye pakiti anayoinunua mkulima.