Lauder alianza na postikadi za senti tano. Wewe unangoja nini?

Tulipomzika dani kule Karungu, siku ya tatu tulianza kusafisha nyumba yake. Chini ya kitanda kulikuwa na sanduku la bati limejaa makaratasi na picha nyeusi-nyeupe: mashua za matanga ufuoni Sori, vijana wa suruali pana zile za kupepea, risiti za samaki ambazo babu aliziweka miaka yote hiyo. Mjomba akasema hizo ni takataka, panya tu wanazilalia. Jioni moto ukawashwa nyuma ya jikoni. Mimi nilikuwa pale pale, simu mkononi, naangalia video za watu nisiowajua. Niliokoa picha moja tu. Ina wanaume wawili wameshikana mabega, na hakuna aliyebaki wa kuniambia ni akina nani.

Nakuambia haya kwa sababu ya bilionea mmoja wa New York.

Leonard Lauder alifariki Juni 2025 akiwa na miaka 92. Yeye huenda humjui, lakini jina la mama yake umeliona kwenye vichupa vya bei kali: Estée Lauder. Kampuni hiyo ndiyo inayomiliki Clinique na MAC. Estée na mumewe Joseph waliianzisha 1946, wakitengenezea krimu katika jikoni la uliokuwa mkahawa. Mtoto wao Leonard aliingia kazini 1958, mauzo ya mwaka yakiwa bado chini ya dola milioni moja, na akawa mkurugenzi mkuu kuanzia 1982 hadi 1999. Alirithi, ndiyo, ila alichorithi ni kiduka akakifanya himaya.

Najua unachotaka kusema: kukusanya sanaa ni mchezo wa walioshiba. Nusu ya hiyo ni kweli. Matajiri wa Marekani wakitoa, wanapunguziwa kodi na majina yao yanabandikwa ukutani. Lakini sikiliza huyu alianzia wapi. Akiwa mtoto mdogo alipewa senti tano, akanunua postikadi tano za jengo la Empire State. Zote tano za jengo moja. Hakuacha tena. Postikadi zake zilizidi 100,000, na akaliahidi jumba la makumbusho ya sanaa la Boston mkusanyo huo.

Kwenye michoro alifanya vile vile. Hakununua kila kitu kilichong'aa. Aliuelekezea nguvu hasa mtindo mmoja, Kubizimu, ule wa kuvunja sura ya mtu vipande kama kioo kilichoanguka na kuipanga upya. Ndani ya mtindo huo akawafuata wachoraji wanne tu: Picasso, Braque, Gris na Léger. Mwaka 2013 akaahidi kazi 78 kwa jumba la Metropolitan la New York, zikikadiriwa kuwa na thamani ya zaidi ya dola bilioni moja. Angeweza kuuza moja moja. Alitaka zikae pamoja, mtu yeyote aingie azione.

Na hakutoa michoro peke yake. Mwaka 2022 alitoa dola milioni 125 kwa Chuo Kikuu cha Pennsylvania kusomesha wauguzi watakaohudumia jamii zilizosahaulika. Ukiwa mtu wa Karungu, unajua muuguzi mmoja ana uzito gani.

Sasa turudi nyumbani, maana hadithi hii inatuhusu kuliko unavyodhani. Mwaka 1907 Picasso aliingia jumba la Trocadéro jijini Paris akakutana na vinyago vya Afrika, na uchoraji wake ukabadilika. Leo Picasso anajulikana dunia nzima. Waliochonga vile vinyago hatuwajui majina, kwa sababu aliyevikusanya hakujisumbua kuuliza.

Karungu pia imewahi kukusanywa. Mwaka 1911 mwanajiolojia Mwingereza, Felix Oswald, alikuja huku kuchimba mifupa ya wanyama wa kale kwa ajili ya British Museum. Mifupa ikaenda London. Sisi tulibaki na mashimo. Simlaumu Oswald kwa kujua thamani ya kitu. Nauliza tu, kwa nini ni lazima mgeni aje ndipo kitu chetu kionekane cha maana?

Na usiniambie Mkenya hawezi. Ukisema "tupatane Archives" pale Moi Avenue, Nairobi, unasimama nje ya jengo lenye mkusanyo wa Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais 1966. Vitabu, vinyago, mapambo, stempu: mtu mmoja na mkewe Sheila walivikusanya, na vikabaki Kenya. Ni mara ngapi umemngoja mtu kwenye zile ngazi? Na ni mara ngapi umeingia ndani? Nyumba ya Murumbi ya Muthaiga nayo ilibomolewa. Kumbe kukusanya hakutoshi, lazima kuwe na watu wanaojali baada yako.

Kwa hivyo, buda, siste, sikuombi bilioni. Nakuomba ufanye kama yule mtoto wa senti tano: chagua kitu kimoja ukifuate. Inaweza kuwa majina yanayoandikwa kwenye mashua za Sori. Inaweza kuwa mitego ya zamani ya samaki, nyimbo za nyatiti, ama picha za harusi za kijiji chenu. Piga picha, rekodi sauti, na muhimu kuliko yote, andika: nani, wapi, mwaka gani. Picha isiyo na jina ni sura tu. Halafu usiifungie kwenye simu yako, maana simu huibiwa. Mpe binamu nakala, peleka nyingine kwa maktaba ya shule iliyo karibu.

Si wote tutarithi kampuni, lakini kila mmoja wetu ana mzee nyumbani mwenye sanduku chini ya kitanda. Likizo ijayo ukishuka matatu Sori, kabla hujaomba chaja, mwambie alifungue. Keti naye, nyoosha kidole kwenye kila sura, uliza: huyu ni nani?

Mimi nilichelewa kuuliza. Wale wawili bado wako ukutani kwangu, wameshikana mabega, hawana majina.