Santuri Tatu za Mwaka 1965



Wapenda muziki wana desturi yao: mwaka ukiisha, kila mmoja hutaja santuri alizozipenda kuliko zote. Juma hili nami nataka kufanya vivyo hivyo, ila sichagui mwaka uliopita. Nachagua mwaka 1965, maana mwaka huo ulitupa santuri tatu ambazo sichoki kuzisikiliza. Sisemi kwamba ndizo bora duniani. Ni chaguo langu tu. Kila mtu na sikio lake.

Nazungumza juu ya ile santuri kubwa, ambayo upande wake mmoja huchukua dakika 20 hivi. Si wimbo mmoja wa kuchezea ukaisha. Ni kazi nzima, yenye mwanzo na mwisho kama hadithi. Yataka mtu aketi, anyamaze, asikilize.

Santuri ya tatu kwangu yaitwa An Evening with Belafonte/Makeba. Waimbaji ni Harry Belafonte wa New York na Miriam Makeba wa Afrika Kusini. Waimba Kizulu, Kikhosa na Kisotho, na kwa pamoja waimba hata wimbo wetu wa Kiswahili, Malaika, ambao Fadhili William wa Kenya alikuwa ameuimba kabla yao. Mwaka 1966 santuri hiyo ilipata tuzo ya Grammy huko Marekani.

Sauti ya Makeba ni tamu, lakini ndani yake mna majonzi. Mwaka 1960 mama yake mzazi alifariki. Makeba alitaka kurudi kwao kumzika, akakuta serikali ya makaburu imefuta pasi yake. Mwaka 1963 alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa akasema wazi ubaya wa ubaguzi, na nyimbo zake zikapigwa marufuku nchini mwake. Hakukanyaga tena ardhi ya kwao mpaka mwaka 1990. Ninyi mnaojua kwetu mazishi ya mama ni kitu gani, mwaweza kuelewa mtu huyu aliimba akiwa amebeba mzigo gani.

Ya pili ni A Love Supreme, yaani Upendo Mkuu, ya John Coltrane, Mmarekani mweusi aliyepiga saksafoni. Yeye na wenzake watatu waliipiga siku moja tu, tarehe 9 Desemba 1964, ikatoka mwanzoni mwa mwaka 1965. Babu zake wawili walikuwa wachungaji wa Kiprotestanti. Hata hivyo Coltrane alinaswa na pombe na madawa ya kulevya, akawa karibu kupotea. Mwaka 1957 aliviacha. Mwenyewe aliandika kwamba mwaka ule Mungu alimwamsha rohoni, na santuri hii ndiyo shukrani yake.

Ina sehemu nne, na ya mwisho yaitwa Zaburi. Hapo haimbi mtu. Coltrane aliandika sala, ikachapwa kwenye jalada, kisha akaipiga kwa saksafoni silabi kwa silabi, kana kwamba chombo ndicho kinachosali. Sitawadanganya: mara ya kwanza muziki huu ni mgumu, na wengine watasema ni kelele. Usikilizeni mara tatu. Na wewe mzazi ambaye mwanao amezama katika pombe au bangi, usimkatie tamaa. Huyu naye alikuwa mwana wa mtu.

Sasa ile ya kwanza. Ni Misa Criolla ya Ariel Ramírez wa Argentina. Mwezi Desemba mwaka 1963 Mtaguso wa Vatikano uliruhusu lugha za watu zitumike katika liturujia. Ramírez hakukawia. Alichukua Utuhurumie, Utukufu, Nasadiki, Mtakatifu na Mwanakondoo katika Kihispania, akaviweka katika mapigo ya ngoma za watu wa mashambani na milimani, huko Argentina na Bolivia. Waimbaji wake, Los Fronterizos, walikuwa waimbaji wa nyimbo za kienyeji.

Lakini sikieni chanzo chake. Ramírez mwenyewe alisimulia kwamba, alipokuwa Ujerumani katika miaka ya 1950, alikaa katika nyumba ya watawa. Masista wawili walimwambia kuwa wakati wa vita jengo la jirani lilikuwa kifungo cha Wanazi. Kumsaidia mfungwa adhabu yake ilikuwa kunyongwa. Hata hivyo wao waliweka mabaki ya chakula usiku chini ya uzio, miezi mingi, mpaka siku moja chakula hakikuchukuliwa tena. Ramírez akaazimu kutunga kitu kitakatifu kwa heshima yao, na kitu hicho ndicho Misa hii. Yeye alifariki mwaka 2010. Tarehe 12 Desemba 2014 Misa yake iliimbwa katika Basilika ya Mtakatifu Petro, Baba Mtakatifu Fransisko akiadhimisha, na mwanawe Ramírez akiongoza waimbaji.

Mtu ataniuliza: Sisi wa kijijini hayo yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Mapigo yaliyofika Roma hayakutungwa mjini. Yalihifadhiwa na wakulima waliowafundisha watoto wao. Na sisi je? Nyimbo za kubembelezea mtoto, za kupalilia, za kutwanga, za mavuno: nani anazijua nyumbani mwako? Bibi akifa bila kuulizwa, amekwenda nazo, na hakuna duka zinakouzwa.

Basi nawapeni kazi. Jumapili hii baada ya Misa, mwombeni bibi au babu wimbo mmoja. Kijana mwenye simu aunase, na binti mwenye mwandiko mzuri aandike maneno yake kwenye daftari, pamoja na jina la aliyeuimba. Wimbo mmoja kila mwezi, na mwaka ukiisha mtakuwa na 12. Hapo nanyi mtaketi kubishana ni upi uwe wa kwanza, na bibi atacheka kuwasikia.