Utafiti Wazi Ufundishwe Nyanjani

Magogoni ni wadi mojawapo ya eneo bunge la Kisauni, ng'ambo ya maji, kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa. Mitaani humo Kimvita hukutana na lugha za Wamijikenda na za wahamiaji waliotoka bara. Kwa mwanafunzi wa isimujamii, wa fasihi simulizi au wa afya ya umma, hapo ni mahali penye mengi ya kuuliza. Swali ambalo huulizwa kwa nadra ni hili: mtafiti akishaondoka na kinasa sauti chake, yale aliyoambiwa huwa mali ya nani, na ni nani mwingine atakayeweza kuyasoma?

Swali hilo ndilo kiini cha kile kinachoitwa utafiti wazi. Mwito wa Budapest wa mwaka wa 2002 ulidai kwamba makala za kitaaluma zisomwe na kila mtu bila malipo. Pendekezo la UNESCO kuhusu sayansi wazi, lililopitishwa Novemba 2021, lilipanua dai hilo likajumuisha data, mbinu, programu za kompyuta na ushirikiano na jamii. Aghalabu mambo haya hufundishwa, yakifundishwa, kwa mhadhara mmoja katika somo la mbinu za utafiti. Makala haya yanashikilia kwamba mhadhara hautoshi. Uwazi ni mazoea, na mazoea hujengwa kazini. Mahali pake ni kozi ya nyanjani, na wakati wake ni mwanzo wa safari ya mtafiti. Udongo uwahi ungali maji.

Wanabiolojia wamekwisha kuonyesha uwezo wa kozi za namna hii. Tangu miaka ya 1990, Tropical Biology Association imeendesha kozi za takriban mwezi mmoja katika mahali kama msitu wa Kibale, Uganda, na Amani katika Milima ya Usambara, Tanzania. Humo vijana wa Afrika na wa Ulaya hubuni swali, hukusanya data, huzichanganua na kuwasilisha matokeo kabla ya kutawanyika. Utafiti mzima hupita mbele ya macho yao kwa muda mfupi. Mwanafunzi aliyeandika vipimo vyake ovyo siku ya kwanza huumbuka wiki ya tatu, mwenzake anaposhindwa kuvisoma. Hakuna mhadhara unaoweza kutoa fundisho kama hilo.

Wanafunzi wa Kiswahili hawana haja ya kudhani kwamba jambo hili ni la wenzao wa sayansi peke yao. Mombasa yenyewe ina mfano wake. Mwishoni mwa karne ya 19, Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi alishirikiana na mmisionari W. E. Taylor kukusanya mashairi ya Muyaka bin Haji, malenga aliyeishi Mombasa nusu karne kabla yao. Pamoja na beti, yalihifadhiwa maelezo ya maneno na ya matukio yaliyozaa tungo hizo. Kwa kuwa maelezo yalikuwapo, William Hichens aliweza kuchapisha diwani mwaka wa 1940, na Mohamed Abdulaziz akatoa uchambuzi wake mwaka wa 1979. Mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lilikuwapo, na mali ikasalia.

Hata hivyo, daftari hilo lilisafiri. Miswada ya Taylor iliishia katika maktaba ya SOAS, London, na kwa miongo mingi msomi wa Kisauni aliyetaka kuiona alihitaji nauli ya ndege. Leo sehemu ya miswada ya Kiswahili iliyoko huko imewekwa kwenye intaneti, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini historia hii yafundisha mambo mawili kwa pamoja: kwamba data iliyoelezwa vyema huishi kuliko aliyeikusanya, na kwamba kuhifadhi si sawa na kuwafikishia wenyewe.

Je, kozi ya wiki mbili ingefundisha nini Magogoni? Kwanza, wanafunzi wangeandika swali na mbinu zao na kuzisajili kabla ya kumhoji mtu yeyote, ili wasije wakageuza swali baada ya kuona majibu. Pili, wangetunga hati ya idhini kwa Kiswahili kinachoeleweka, inayotaja waziwazi nani atasikia sauti ile na kwa matumizi gani. Tatu, kila jioni wangebadilishana faili. Rekodi ambayo mwenzao hawezi kujua ilinaswa lini, wapi na kwa idhini ya nani ingehesabiwa kuwa haijakamilika. Nne, kabla ya kuondoka wangeitisha baraza na kuwasomea wenyeji matokeo ya awali, wakosolewe. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kiko Tudor, ng'ambo tu ya hori, na Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi. Kozi hii haihitaji msitu wala helikopta.

Kuna wanaohofu kwamba uwazi ni kuwaanika watu. Hofu hiyo ina msingi. Katika eneo ambalo umiliki wa ardhi umezua migogoro mingi, sauti ya mzee anayesimulia nani alilima wapi yaweza kumletea madhara. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019, na ile ya mwaka wa 2016 inayolinda maarifa ya jadi, zinamdai mtafiti uangalifu. Lakini kujua kipi kifunguliwe na kipi kifungwe ndiko hasa kunakohitaji kufundishwa, na mwanafunzi hujifunza vyema zaidi mzee mwenyewe akiwa ameketi mbele yake. Wengine huhofu kwamba wakubwa watawapora vijana data zao. Ukweli ni kwamba data iliyowekwa katika hifadhi ya umma kwa jina na tarehe ina shahidi, ilhali ile iliyofichwa katika tarakilishi haina.

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili huandaa safari na makongamano kila mara. Safari moja kati ya hizo ikigeuzwa kozi, gharama haitaongezeka sana. Inafaa idara zidai pia kwamba tasnifu ya uzamili iandamane na data zilizoelezwa na muhtasari wa Kiswahili uliorejeshwa kule data zilikotoka. Hapo ndipo mkazi wa Magogoni atakapokuwa msomaji wa utafiti, si chanzo chake tu.