LISTI YA MANENO 40: TUMEZE MPAKA LINI?



Katika namba hii tunataka kusema juu ya jambo ambalo wengi wananung'unika juu yake ku dortwari, lakini hakuna anayelisema mbele ya walimu. Ni ile listi ya maneno 40 ya Kiingereza ya kila Jumatatu. Munajua namna inavyokwenda. Jumatatu maneno yanaandikwa ku tablo, upande wa kushoto Kiingereza, upande wa kuume Kifaransa. Tangu siku ile mpaka Ijumaa kila mtu anameza. Ijumaa tunaulizwa. Anayekosa zaidi ya 10, jina lake linaingia katika kaye ya azabu, na Jumamosi analima bustani ya shule wakati wenzake wanafua nguo na kupumzika. Na nani anashika kaye ile? Ni sisi makapita. Basi musifikiri kama tunasema sawa watu wa inje. Majina mengi yaliandikwa kwa mkono wetu wenyewe.

Muhula uliopita, usiku mmoja kiisha masomo ya jioni, tulichukua listi za majuma manne yaliyopita, tukaulizana sisi kwa sisi, makapita watupu. Maneno 160. Hakuna hata mmoja aliyefikisha 50. Sisi tunaoazibisha wengine! Tulicheka kidogo, halafu hatukucheka tena. Maneno tuliyoyameza Alhamisi yalitoka Jumamosi, kama chakula cha mgonjwa.

Ile siku tulianza kujiuliza: maneno ya lugha yetu, nani alitupa listi yake? Hakuna. Mtoto anasikia mhubiri akisema "mpatanishi". Hajalisikia neno lile hata siku moja. Lakini anajua "pata". Anajua "patana", sababu mama yake anamwambia kila siku apatane na ndugu yake. Anajua kama "patanisha" ni kufanya watu wapatane. Basi "mpatanishi" hawezi kumshinda, na "upatanisho" pia hautamshinda. Mzizi ni mmoja, matawi ni mengi. Tena mhubiri anasema juu ya watu wawili waliogombana, na habari ile inamsaidia mtoto kukisia. Mambo mawili tu: mzizi wa neno, na maneno yaliyo karibu yake. Diksionere hakuna.

Kiingereza nacho kiko na mizizi, na jambo la kushangaza ni hili: mizizi yake mingi tunayo tayari katika kaye zetu za Kifaransa. Katika mwaka 1066 mtawala wa Normandie, Guillaume, alivuka bahari na jeshi lake, akashinda Uingereza akawa mfalme wake. Kwa miaka mingi wakubwa wa kule walisema Kifaransa, na watu wadogo wa mashamba wakabaki na Kiingereza chao. Ndiyo maana ng'ombe akiwa shambani wanamwita "ox", lakini nyama yake ikifika ku meza ya wakubwa inaitwa "beef", maana yake bœuf. Mchungaji alisema lugha yake, na mla nyama lugha yake. Nyuma yake wenye elimu walichota maneno mengine mengi katika Kilatini na Kigiriki. Leo zaidi ya nusu ya maneno ya diksionere ya Kiingereza yanatoka Kifaransa ao Kilatini.

Kwa hiyo tunasema jambo ambalo wengine watalikataa: kwa sisi wanafunzi wa Kongo, maneno marefu ya Kiingereza njo marahisi, na yale madogo njo magumu. "Get" na "put" zinatusumbua tangu mwaka wa kwanza mpaka leo. Lakini "circumspect"? Angalieni. "Spect" ni kutazama. "Circum" ni kuzunguka, sawa na circonférence ya jometri, sawa na circoncision ya Biblia ya Kifaransa. Mtu "circumspect" ni yule anayetazama pande zote mbele ya kuweka mguu. "Inspect" ni kutazama ndani. (Enspekteri akitangazwa, munaona vile hata mawe ya kiwanja yanavyopakwa chokaa.) "Retrospect" ni kutazama nyuma, "prospect" ni kutazama mbele, na "suspect" ni yule unayemtazama chini-chini. Mzizi mmoja, maneno matano, na hakuna aliyelima bustani.

Fanyeni vile na "dict", kusema, ile ya dictée. "Predict" ni kusema mbele, "contradict" ni kusema kinyume. "Benediction" tunaipokea kila mwisho wa ibada: "bene" ni vizuri, basi ni kusema maneno mazuri juu ya watu. Badala ya "bene" tieni "male", munapata "malediction", laana.

Tena iko siri nyingine ndogo iliyotufurahisha sana. Kifaransa kilipoteza herufi s katika maneno mengi, lakini Kiingereza kilizichunga. Kile kikofia mnachokiona juu ya herufi, mara nyingi njo kaburi la s. Forêt ni "forest". Hôpital ni "hospital". Bête ni "beast", côte ni "coast". Na maneno yanayoanza kwa é, tieni s: état ni "state", étrange ni "strange", éponge ni "sponge", étudiant ni "student". Mtoto mmoja wa mwaka wa kwanza tulimwonyesha jambo hili karibu na robine ya maji. Kesho yake alirudi na maneno mengine manne ambayo alitafuta yeye mwenyewe katika kaye yake ya Kifaransa. Hakuna mtu aliyemwagiza.

Sasa sherti tuseme na upumbavu wetu. Tulipofurahia mizizi, tulifanya nini? Tuliandika listi! Ukurasa mbili: "pre" ni mbele, "re" ni tena, "in" ni hapana, kama katika "invisible" na "incorrect". Tukaanza kuimeza sawa zamani. Halafu ikatokea mambo ya bidoni. Ilikuwa wakati wa kupaka meza rangi, na bidoni ya kupunguzia rangi ilitoka Uganda, ikapitia Kasindi kama vitu vyetu vingi. Juu yake imeandikwa "HIGHLY INFLAMMABLE". Ilikuwa usiku, kuran hakuna. Mmoja wetu alisoma, akatafuta katika kichwa chake: "in" ni hapana, "flam" ni moto, basi kitu hiki hakishiki moto. Akaweka mshumaa karibu yake kusudi aone vizuri. Tunamshukuru Mungu, ni mkono wa shati na kaye tatu tu zilizoungua, na nyusi zake zimekwisha kuota tena.

Kumbe "in" ziko mbili. Moja ni hapana, ingine ni ndani. "Inflammable" ni kitu kinachoingia ndani ya moto mara moja. Na pembeni ya neno lile palichorwa moto mwekundu, mkubwa kama mkono wa mtu! Kama angetazama fasi neno lilipokaa, picha ile ingemwambia. Lakini yeye alishika listi. Tangu ile siku tunasema: mzizi unakisia, jirani zake wanashuhudia. Shahidi mmoja hatoshi.

Tutoe mfano mmoja. Someni maneno haya: "After eight months without rain, the cows were so emaciated that we could count their ribs." Wengi hawajui "emaciated", na pengine "ribs" pia. Lakini miezi minane bila mvua, ng'ombe, kuhesabu... Mtoto wa mfugaji amekwisha kuona mbavu. Tena ndani ya neno amejificha ndugu ya maigre. Mashahidi wawili wanapatana, basi unaendelea kusoma, hausimami.

Na Kifaransa chenyewe wakati mwingine kinatudanganya. "Library" siyo librairie, ni biblioteke. "Actually" siyo actuellement, maana yake ni "kwa kweli". Mkubwa wetu mmoja, aliyemaliza hapa mbele yetu, aliandikia wageni fulani barua ya kuomba kazi. Alifikiri demander ya Kifaransa, akaandika "I demand you a job". Kwa Kiingereza hilo siyo kuomba, ni kudai kwa nguvu, kama mtu anayedai deni. Jibu halikuja. Hatuwezi kusema ni sababu ya neno lile tu, lakini alipotuonyesha kopi ya barua, alikuwa bado anajiuliza alikosea fasi gani. Neno "demand" lilikuwa katika listi yetu, na upande wa kuume liliandikwa demander, basi. Listi haikusema kitu kingine.

Mwalimu mmoja tunayemheshimu alituambia: "Nyinyi munataka kukisia sababu ya uvivu." Mwalimu, tunakuomba, tusikilize. Shule iko na diksionere moja kubwa kwa kalasi zote, nayo imefungwa katika kabati. Anayemeza listi, siku anapokutana na neno la 41 amekwisha. Na katika egzame ya Serikali hakuna atakayetuandikia listi ku tablo. Tutapewa maandiko ya kusoma na majibu ya kuchagua. Kiisha pale, tangu 2022 inchi yetu ni memba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kwa majirani kama Uganda na Rwanda wanafunzi wanasomeshwa kwa Kiingereza. Tutashindania kazi pamoja nao, tukitaka tusitake.

Hatusemi listi itupwe kabisa. Maneno madogo, yale ya "get" na "put", na vitenzi visivyofuata kanuni, hayo tutameza, hakuna njia ingine. Tunaomba hivi: badala ya maneno 40 makavu, tupewe 10, kila moja ndani ya sentensi yake, na wandugu zake wa mzizi mmoja pembeni. Kabati lifunguliwe Jumatano na Ijumaa jioni. Kapita mmoja atakaa pale kuchunga diksionere, na ukurasa ukipasuka tutajibu sisi. Na azabu ya bustani ibaki kwa wanaopigana na wanaochelewa, siyo kwa mtoto wa miaka 12 aliyesahau "nevertheless".

Kaye ya azabu iko katika meza yetu. Kwa majuma mawili hatukuandika ndani yake jina hata moja kwa sababu ya listi, na bustani walilima wale waliochelewa tu. Kama Bwana Prefe anataka kutuuliza, tuko tayari kwenda, wote pamoja.

Kapita mkuu wa wanafunzi, mwaka wa mwisho,
kwa jina la makapita wote