Daftari la Wiki: Mikono Minne, Piano Moja

Jumatatu

Rafiki yangu mpiga piano hapa Athens ameniomba nimgeuzie kurasa wiki hii. Yeye na mwenzake wanajiandaa kwa tamasha la muziki wa filamu na ngoma za Kigiriki: watu wawili, piano moja, mikono minne. Nasimama kushoto, ubavuni pa anayepiga sauti za chini. Kitabu chao kimechapwa kwa desturi ya zamani. Ukurasa wa kushoto ni wa mpigaji wa chini na wa kulia ni wa mpigaji wa juu, hivyo nikigeuza karatasi moja wote wawili wanavuka pamoja. Pedali huikanyaga wa chini peke yake. Wa juu anapiga akijua kwamba urefu wa mwangwi wake uko mguuni pa mwenzake.

Leo walikwama mahali pamoja karibu nusu saa. Kidole gumba cha kulia cha wa chini na gumba la kushoto la wa juu vilikuwa vinataka kitufe kilekile, katika pigo lilelile. Wakajaribu mkono mmoja upite juu ya mwingine, viwiko vikagongana. Wakajaribu kupishana, mdundo ukavunjika. Mwishowe wa juu akachukua penseli, akaizungushia noti yake duara. Ataiacha. Mwenzake ataipiga kwa niaba ya wote wawili.

Jumanne

Kalamatianos, ngoma iliyopewa jina la mji wa Kalamata, ina mapigo saba. Ukihesabu hadi saba utajikwaa. Hesabu hivi: moja-mbili-tatu, moja-mbili, moja-mbili. Hatua moja ndefu, mbili fupi. Walipokosea mara ya tatu walisimama, wakashikana mikono, wakaizunguka piano kwa miguu. Waliporudi kwenye kiti, kosa lilikuwa limekwisha.

Jumatano

Ala ya Kigiriki ya buzuki ina nyuzi za jozi jozi, na mpigaji huitetemesha noti ili isife. Piano haina uwezo huo kwa asili: nyundo ikishagonga waya, sauti inaanza kufifia papo hapo. Kwa hiyo mpangaji wa muziki huu anamtaka mpigaji abadilishe vidole juu ya kitufe kimoja, cha tatu, cha pili, cha kwanza, upesi kama mvua juu ya bati. Jambo hilo linawezekana kwa sababu ya fundi Sébastien Érard, aliyebuni mtambo, uliosajiliwa mwaka 1821, unaoiruhusu nyundo igonge tena kabla kitufe hakijarudi juu kabisa. Mkono mmoja ukishikwa na kazi hiyo, inabaki mitatu ya kubeba besi, mdundo na sauti ya pili. Mtu mmoja asingeweza.

Njiani kurudi niliona dirishani pa duka la ala kanonaki, ndugu wa ganuni ya taarabu. Jina lake lilitoka kwenye Kigiriki, kanon, fimbo ya kupimia, likaingia Kiarabu, likatufikia sisi. Ala hii na neno letu "kanuni" vina mzizi mmoja. Nilisimama pale muda mrefu.

Alhamisi

Leo zamu ya Zorba. Filamu hiyo ya Michael Cacoyannis ilitoka mwaka 1964, muziki ni wa Mikis Theodorakis, na ngoma ya mwisho, ile ya ufukweni Stavros, Krete, haikuwa ya mababu. Sirtaki ilitungwa kwa ajili ya filamu hiyo na Giorgos Provias, aliyechanganya hasapiko ya polepole na ya haraka. Mwigizaji Anthony Quinn alisimulia kwamba mguu wake ulikuwa umevunjika, hakuweza kuruka, ndiyo maana aliuburuta mchangani.

Kwa sababu ilitungwa kwa ajili ya filamu, wapo wanaoidharau sirtaki na kuiita ngoma ya watalii. Siwaungi mkono hata kidogo. Mwaka 1967 wanajeshi walipopindua serikali ya Ugiriki walipiga marufuku muziki wa Theodorakis, naye wakamtia gerezani. Watu waliendelea kuuimba kwa siri. Ngoma ikishapita hapo, haijalishi ilizaliwa mbele ya kamera.

Mtunzi Manos Hadjidakis aliliona hilo mapema. Mwaka 1949 alisimama mbele ya wasomi wa Athens akautetea muziki wa rebetiko, uliohesabiwa kuwa wa wahuni na wavuta bangi, kisha akapanga nyimbo sita za aina hiyo kwa ajili ya piano. Zaidi ya miaka kumi baadaye alipata Oscar kwa wimbo wa filamu ya Jules Dassin ya mwaka 1960.

Ijumaa

Mtunzi wa ngoma za leo, Nikos Skalkottas, ananiuma moyo. Alizaliwa Halkida mwaka 1904, akasoma Berlin kwa Schoenberg, akarudi Athens mwaka 1933, na huko riziki yake ikawa kupiga fidla kwenye viti vya nyuma vya okestra. Kati ya mwaka 1931 na 1936 aliandika Ngoma 36 za Kigiriki. Aliaga dunia mwaka 1949 akiwa na miaka 45, na kazi zake nyingi zilikuwa bado hazijasikika ukumbini. Baadhi ya ngoma hizi alizipanga upya mwenyewe kwa fidla na piano, nyingine kwa ala nne za nyuzi. Kwa hiyo mikono minne si kumpunguzia kitu. Nadhani angekaa kitini na kuomba sehemu ya chini.

Jumamosi

Ukumbi ulijaa. Sirtaki ilipoanza kushika kasi hawakutazamana, ila niliona bega la wa juu likifuata pumzi ya wa chini, na kasi ikapanda bila mmoja kumtangulia mwenzake. Watu wakaanza kupiga makofi, kwanza nyuma, kisha kote. Nikageuza karatasi, na pale katikati pakatokea lile duara la penseli. Gumba la wa juu likainuka kidogo tu, kiasi cha unene wa karatasi, likangoja. Gumba la mwenzake likaingia chini yake. Noti ikalia.